Mkao wa mpandaji na uchaguzi wa lijamu kwa farasi mchanga: mwongozo kamili kwa wapandaji wa Lubumbashi

Farasi mchanga anayerusha kichwa, anayefungua kinywa au anayeulalia mkono wa mpandaji kwa uzito wote huhukumiwa haraka kuwa mkaidi, na jambo la kwanza linalofanywa katika mazizi mengi ni kumtafutia lijamu kali zaidi. Mwongozo huu unakwenda kinyume na desturi hiyo: unaanza na mkao wa mpandaji, unafuata kinywa cha farasi, na mwisho kabisa unafika kwenye chuma chenyewe. Nimeuchagua mpangilio huo kwa sababu lijamu haina mwendo wake. Haifanyi chochote kinywani ila kile ambacho mkono unaifanyisha, na mkono nao hauwezi kutulia ikiwa kiuno, goti na kifundo cha mguu havijatulia.

Wapandaji wa Lubumbashi tumezoea kuongea zizini kwa kuchanganya Kiswahili na Kifaransa, hivyo ni vyema nieleze ninavyotumia maneno. Lijamu ni chuma kinachokaa kinywani. Hatamu ni mikanda yote ya kichwani inayoibeba lijamu hiyo. Vigwe ni ile mikanda miwili anayoshika mpandaji. Rikabu ni vyuma vya kukanyagia. Mwendo wa matiti ni ule ambao miguu ya farasi hupiga chini kwa jozi za mshazari, ambao wengi wetu tunauita troti. Shoti ya polepole ni mwendo wa mapigo matatu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimfundisha farasi jike wa miaka minne, wa rangi ya kahawia, katika zizi moja lililo nje kidogo ya mji. Katika mwendo wa kawaida wa hatua alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Tukiingia tu kwenye matiti, kichwa kilianza kupanda na kushuka na ulimi ukawa unachungulia pembeni mwa kinywa. Nilimbadilishia lijamu mara tatu, kila mara nikichukua iliyo kali kuliko ile niliyoivua, mpaka nikafika kwenye ile yenye mikono ya wenzo na mnyororo wa kidevuni. Tatizo halikupungua bali lilibadilika sura, kwani sasa alianza kukataa kwenda mbele. Msaisi aliyemhudumia, ambaye alikuwa akitutazama kila asubuhi akiwa ameegemea ua, ndiye aliyeniambia: “Papa, kila ukiinuka kwenye tandiko, kinywa chake kinafunguka.” Nilimpa simu yangu atupige video kutoka ubavuni. Mikono yangu ilikuwa ikipanda na kushuka kiasi cha upana wa kiganja kila nilipoinuka na kuketi, nami sikuwa na habari. Yule jike alilipia kosa langu kwa miezi mingi, na ndiyo maana nasisitiza kwamba hatua tatu za mwanzo zisirukwe hata kama mpandaji ana uzoefu wa miaka.

Hatua ya kwanza: kagua tandiko na rikabu

Liweke tandiko mgongoni bila kitambaa cha chini, kisha simama ubavuni na utazame mahali palipo pa chini kabisa pa kiti. Panapaswa kuwa katikati. Ikiwa nyuma ndiko kulikozama, utaketi kama mtu aliye kwenye kiti cha sebuleni, miguu ikitangulia mbele na kiwiliwili kikibaki nyuma, na hakuna zoezi litakalokuondolea kasoro hiyo maana tandiko litakurudisha pale pale kila siku. Mpandaji akiwa juu, nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki kati ya tandiko na mwinuko wa mabega. Farasi mchanga hubadilika umbo anapokua na kujenga misuli, kwa hiyo ukaguzi huu urudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Mikanda ya rikabu inasahauliwa na wengi. Ichomoe yote miwili na uining'inize pamoja kwenye msumari mmoja. Kwa kuwa karibu sote tunapandia upande wa kushoto, mkanda wa kushoto huvutika na kuwa mrefu kuliko wa kulia, hata kama tundu ni la namba ileile. Mpandaji anayeegemea upande mmoja kwa sababu hiyo humfanya farasi aonekane mgumu upande mmoja wa kinywa, na hapo ndipo watu huanza kubadilisha lijamu bila sababu. Dawa ni kubadilishana mikanda hiyo mara kwa mara, wa kushoto uende kulia.

Hatua ya pili: jenga mkao kuanzia chini

Urefu wa rikabu unaofaa kuanzia ni huu: ncha za vidole ziguse chuma kinachoshika mkanda chini ya ubavu wa tandiko, na rikabu ifike kwapani. Kwa farasi mchanga fupisha tundu moja au mawili zaidi, ili uweze kuupunguza uzito wako mgongoni mwake bila kuning'inia kwenye vigwe. Ukitazamwa kutoka ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino vinapaswa kuwa katika mstari mmoja wa wima, na mstari mwingine ulionyooka utoke kwenye kiwiko, upite kwenye mkono na kufika kwenye lijamu. Mstari wa kwanza ndio unaobeba wa pili.

Kosa linaloharibu vinywa vingi zaidi ni kubana kwa magoti. Goti likibana, linakuwa kama bawaba: mguu wa chini unateleza nyuma, kiwiliwili kinaanguka mbele, na mikono inatafuta pa kujishikilia. Mbele ya mpandaji hakuna pa kujishikilia isipokuwa kinywa cha farasi. Legeza goti, acha paja likae bapa juu ya tandiko, na uache uzito ushuke kupitia kifundo cha mguu kilicho laini. Kisigino kisisukumwe chini kwa nguvu, kwa sababu kifundo kilichokazwa hakipokei mshtuko bali huurudisha juu kiunoni.

Mazoezi ya mkao yafanywe juu ya farasi mzee anayejua kazi, akizungushwa kwa kamba ndefu na mtu mwingine, mpandaji akiwa hana vigwe. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa siku moja. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuinuka mapigo mawili na kuketi pigo moja katika mwendo wa matiti. Mtu anayejivuta kwa mikono hawezi kulikamilisha mizunguko miwili, na anayelikamilisha bila kushika kitu yuko tayari kuaminiwa vigwe vya farasi mchanga.

Juu ya farasi mchanga mwenyewe, inuka na kuketi katika matiti yote na uahirishe kuketi moja kwa moja mpaka misuli ya mgongo wake iwe imejengeka. Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi haimalizi kukomaa kabla ya kutimiza miaka mitano au zaidi, na farasi wa miaka mitatu anayeonekana mkubwa kwa kimo bado ni mtoto chini ya tandiko.

Hatua ya tatu: utenganishe mkono na mwendo wa mwili

Katika mwendo wa hatua na katika shoti, shingo ya farasi huenda mbele na kurudi, na mkono lazima uifuate. Katika matiti kichwa chake karibu hakitikisiki, wakati mwili wa mpandaji ndio unaopanda na kushuka. Maana yake ni kwamba katika matiti kiwiko lazima kifunguke unapoinuka na kujifunga unapoketi, ili mkono ubaki pale pale juu ya mabega ya farasi. Mpandaji aliyekaza kiwiko huubeba mkono wake pamoja na kifua, na kila akiinuka anaivuta lijamu juu kwenye pembe za midomo. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Chukua ukanda wa kitenge wenye upana wa vidole viwili, uufunge kwa ulegevu shingoni mwa farasi, mbele ya tandiko. Shika vigwe kama kawaida, dole gumba likiwa juu, kisha pitisha kidole cha mwisho cha kila mkono ndani ya kitenge hicho. Anza matiti. Kila mkono wako unapopanda, kitenge kitakivuta kidole kabla kinywa hakijavutwa, na kwa mara ya kwanza utaihisi hitilafu ambayo farasi amekuwa akiihisi siku zote. Fanya hivyo wiki nzima. Ukanda huo huo ndio utakaoushika siku farasi atakaposhtuka na kuruka, badala ya kuning'inia kinywani mwake.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi udongo mwekundu wa Lubumbashi hukauka ukawa kama tofali, farasi hufupisha hatua ili kujikinga na mshtuko, na mpandaji hurushwa zaidi kwenye tandiko. Katika miezi hiyo tafuta uwanja wenye mchanga au umwagie maji sehemu utakayofanyia kazi, na usiamue lolote kuhusu lijamu kutokana na siku uliyofanya kazi juu ya ardhi ngumu.

Hatua ya nne: chunguza kinywa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wapo wanaoichukua methali hiyo kama ruhusa ya kumbana farasi mapema kwa chuma. Kinywa cha farasi mchanga hakikunjiki. Kati ya magego na meno ya mbele upo ufizi mtupu, mwembamba, uliolala moja kwa moja juu ya mfupa wa taya, na hapo ndipo lijamu inapokaa. Mfupa huo ukiumizwa mara kwa mara hutokea uvimbe mgumu, na baada ya hapo farasi hujifunza kuvumilia maumivu badala ya kusikiliza mkono.

Kuanzia takriban miaka miwili na nusu hadi minne na nusu, farasi hung'oka meno yote 24 ya utoto na kuota ya ukubwani. Madume huota chonge katika ufizi ule ule, kwa kawaida kati ya miaka minne na mitano, na ufizi huwa unauma wakati huo. Farasi wengi pia huwa na jino dogo la ziada mbele ya gego la kwanza la juu, ambalo lijamu huweza kuligonga au kuubana ufizi dhidi yake. Kwa hiyo daktari wa mifugo au fundi wa meno ya farasi amchungue kabla hajavishwa lijamu kwa mara ya kwanza, kisha kila miezi sita mpaka atimize miaka mitano. Mazoezi yakiharibika ghafla kwa farasi wa umri huu, mkague meno kabla ya kumlaumu yeye au lijamu.

Wewe mwenyewe tazama mambo mawili. La kwanza ni ulimi: ufungue mdomo kidogo pembeni taya zikiwa zimekutana, uone kama ulimi umejaa mpaka unatokeza katikati ya meno. La pili ni pembe za midomo: ngozi iliyochubuka, iliyopoteza rangi au iliyokuwa ngumu ni ushahidi wa mkono au wa lijamu isiyofaa.

Hatua ya tano: pima, kisha chagua

Chukua uzi mnene uliofuliwa, upige fundo upande mmoja, uupitishe kinywani mahali pa lijamu huku fundo likigusa pembe ya mdomo, kisha upige fundo jingine upande wa pili. Pima urefu kati ya mafundo hayo juu ya rula. Kwa lijamu yenye pete zisizozunguka ongeza milimita 3 hadi 5 kila upande. Kwa yenye pete zinazozunguka huru ongeza kidogo zaidi, kwa sababu pete hizo huweza kubana ngozi ya mdomo zinapopita kwenye matundu yake. Farasi wengi wa kimo cha wastani huangukia kati ya sentimita 12.5 na 13.5. Lijamu pana kupita kiasi huteleza upande huu na huu, na ile yenye kiungo kimoja hukiacha kiungo hicho nje ya katikati.

Kuhusu unene, tulifundishwa kwamba lijamu nene daima ni laini. Hiyo ni nusu ya ukweli. Chuma chembamba hukata, lakini chuma cha milimita 20 katika kinywa kidogo kilichojaa ulimi hakina pa kukaa, na farasi hufungua taya ili apate nafasi. Milimita 14 hadi 16 zinawafaa wengi, na kufika 18 kwa mwenye kinywa kikubwa.

Kuhusu umbo, lijamu ya kwanza ninayoipendekeza ni ile yenye viungo viwili na kipande kifupi cha mviringo katikati, kwa sababu huukumbatia ulimi badala ya kujikunja. Yenye kiungo kimoja bado inatumika sana, lakini vigwe vyote viwili vikivutwa pamoja hujikunja kama kiwiko, huubana ulimi kutoka pande mbili, na kwa farasi mwenye kaakaa la chini kiungo huweza kuligusa. Iliyonyooka ya mpira au plastiki laini humfaa yule anayeogopa kitu chochote kinachotembea kinywani, ingawa mawasiliano ya upande mmoja mmoja hayawi wazi sana. Pete zisizozunguka humpa utulivu farasi mwenye wasiwasi; zinazozunguka humfaa yule anayetaka kukilalia chuma na kukikaza. Pete zenye vijiti virefu vya shavuni husaidia sana wiki za mwanzo, kwa kuwa kijiti kinausukuma uso upande wa pili na kumwonyesha farasi maana ya kugeuka bila lijamu kupenya kinywani.

Lijamu za wenzo, zenye mnyororo wa kidevuni, na zile za waya uliosokotwa hazina nafasi kwa farasi wa umri huu. Wenzo wenye mkono wa juu wa sentimita 5 na wa chini wa sentimita 10 huzidisha nguvu ya mkono takriban mara mbili, hata pale mkono unapokosea.

Hatua ya sita: kumvisha na kumzoesha

Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba joto hapa huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na chuma kilicholala zizini huwa baridi kama mto. Kishike mikononi au kwapani mpaka kipate uvuguvugu. Paka asali kidogo, ile ya misitu ya miombo inayouzwa kando ya barabara, kisha weka dole gumba pembeni mwa kinywa mahali pasipo na meno, na usubiri afungue mwenyewe. Wakati wa kuvua, teremsha mikanda polepole na usubiri aiteme lijamu; ikimgonga meno mara moja tu, kesho yake atainua kichwa kabla hujamkaribia.

Kwa siku nne au tano avae hatamu isiyo na vigwe kwa dakika 10 hadi 15, akiongozwa kwa kamba ya kichwani na kamwe asifungwe kwa lijamu. Lijamu iwe juu kiasi cha kugusa pembe za midomo kwa utulivu, huku kukiwa na kunyanzi moja ndogo au isiwepo kabisa. Ikikaa chini mno atajifunza kuupitisha ulimi juu yake, tabia ambayo ni ngumu kuondoa. Ukanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili vya mtu mzima juu ya mfupa wa pua, si pembeni, maana pembeni nafasi hudanganya. Kuufunga kinywa kwa nguvu kunaficha dalili ambazo ndizo hasa unazozihitaji.

Hatua ya saba: wiki za kwanza juu ya tandiko

Vipindi viwe vya dakika 20 hadi 30, siku tatu au nne kwa wiki. Msimu wa mvua usifanye kazi machweo wala alfajiri, kwa kuwa hizo ndizo saa za usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika.

Kusimama kufundishwe kwa mpangilio mmoja usiobadilika: toa pumzi na utulize kiuno, kisha funga vidole kwenye vigwe, na mara tu anapopunguza hatua fungua vidole. Farasi hajifunzi kutokana na kuvutwa bali kutokana na kuachiliwa, na akiachiliwa kwa kuchelewa hata sekunde mbili hataunganisha jibu lake na malipo yake. Katika kugeuka, upeleke mkono wa ndani pembeni kama anayefungua mlango, bila kuurudisha nyuma kuelekea tumboni.

Kila kipindi fanya jaribio hili. Katika duara la mita 20, kwenye matiti, peleka mkono wa ndani mbele kuelekea masikio kwa hatua mbili au tatu mpaka kigwe kilegee, kisha urudi polepole. Akibaki katika mwendo na duara ileile, mkao wako ndio unaomwongoza. Akikimbia au kuanguka ndani, alikuwa akitegemea mkono wako, na kazi inarudi kwenye hatua ya pili, si kwenye duka la vifaa.

Ukiona kasoro, jiulize inatokea lini. Ikitokea katika matiti peke yake, tazama kiwiko chako. Ikiwa upande mmoja tu, tazama rikabu na meno. Ikiwa hata akiongozwa kwa miguu bila mtu juu, tazama kinywa na kipimo cha lijamu. Kutafuna kwa utulivu na povu dogo midomoni ni dalili njema. Kusaga meno, kuinamisha kichwa upande, kutoa ulimi au kubaki na kinywa kikavu na kilichokazwa ni malalamiko. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ukipe vipindi vitano, na uandike kwenye daftari, kwa sababu kumbukumbu huwa na upendeleo kwa kile tulichokilipia fedha nyingi.

Utunzaji wa lijamu

Baada ya kazi ioshe kwa maji matupu kabla mate hayajakauka. Mara moja kwa wiki pitisha ukucha kwenye viungo na kwenye matundu ya pete. Lijamu nyingi zinazouzwa hapa mjini zimeshatumika kwingine, na zile zilizopakwa nikeli juu ya chuma cha chini hubanduka vigamba vyenye makali ambavyo jicho halivioni. Ukucha ukikwama, lijamu hiyo isirudi kinywani mwa farasi yeyote.

Akitimiza miaka mitano na meno yote yakiwa yamekamilika, chukua uzi upya umpime kana kwamba hujawahi kumpima, maana taya aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka mitatu si ile aliyonayo sasa.